Hosteli Yenye Baraza: Mwongozo Kamili wa Kusanifu Makazi ya Wanafunzi Yenye Maeneo ya Pamoja na Wakazi wa Mtaa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani mwaka 1964, na kwa muda mrefu sasa idadi ya wanafunzi wake imezidi idadi ya vitanda. Hata baada ya kufunguliwa mabweni mapya mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, wengi bado wanapanga Msewe, Changanyikeni, Makongo, Sinza na Ubungo. Neno "kubebana", yaani mwanafunzi aliyekosa kitanda kulala kwa mwenzake aliyepata, nalo bado linasikika. Ndiyo maana kila mwenye kiwanja karibu na chuo anafikiria kujenga hosteli.

Hosteli nyingi zinazojengwa zina sura moja: ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa, geti la chuma, na nyuma ya geti korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili. Nimeshuhudia mama lishe akipitisha sahani za wali chini ya geti la namna hiyo kwa sababu mlinzi haruhusiwi kufungua mchana, na nikaona kwamba wanafunzi na mtaa walikuwa wanategemeana tayari kwa chakula, maji, usafiri na kodi, ilhali jengo lilichorwa kana kwamba hawajuani. Mwongozo huu unamhusu mwenye kiwanja, msanifu au chuo kinachotaka kujenga vingine. Msimamo wake ni kwamba watu wasiofahamiana huzoeana pale ambapo kila mmoja ana shughuli yake ya kila siku, na kwamba kazi ya msanifu ni kuziweka shughuli hizo mahali pamoja bila kuvunja faragha ya mtu yeyote.

Hesabu zote zinatumia mfano mmoja wa kufikirika: kiwanja cha mita 40 kwa 60 pembezoni mwa Mlimani, hosteli ya wanafunzi 96, wawili kila chumba, katika ghorofa tatu zilizo juu ya sakafu ya chini.

Hatua ya 1. Ujue mtaa kabla ya kushika kalamu

Nenda kiwanjani alfajiri, saa 7 mchana, saa 12 jioni na saa 3 usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko, ukiwa na daftari. Andika nani anapita, amebeba nini, anasimama wapi na kwa nini. Utawaona wanaotafuta maji kwa madumu, watoto wanaocheza barabarani kwa kukosa uwanja, bodaboda waliojikinga jua chini ya mwembe, na wanafunzi wanaosomea ngazini kwa sababu chumbani kuna joto. Mambo hayo manne tu yanatosha kukuambia sehemu kubwa ya kitakachohitajika.

Tafuta kwa makini zaidi njia ya mkato. Viwanja vingi vilivyokaa wazi kwa miaka vina kijia ambacho mtaa umekizoea: watoto wanakitumia kwenda shule, wagonjwa wanakitumia kufika kituo cha daladala. Mwenye kiwanja ana haki ya kukifunga, lakini akikifunga ataanza ujirani kwa uadui. Mimi hukipima kijia hicho, nakichora kwenye ramani siku ya kwanza, kisha naupanga ua wa pamoja ukikifuata, kwa sababu tayari kinaleta watu bure.

Baada ya hapo zungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji na wajumbe, na uombe mkutano. Mkutano wa hadhara peke yake hautoshi, kwani wazee watazungumza na wengine watanyamaza. Kaa pia na kina mama wanaouza genge, vijana wa kijiweni, na wanafunzi waliokwisha kupanga mtaani hapo, kila kundi kwa wakati wake. Usiulize "mnataka nini?", maana jibu litakuwa orodha ya kila kitu. Uliza walichofanya jana tangu walipoamka, na walikwama wapi.

Hatua ya 2. Amua kipi kitumiwe na wote na kipi kisitumiwe

Kipimo changu ni kwamba kitu kinachofaa kuwa cha pamoja ni kile ambacho mwanafunzi na mkazi watakitumia angalau mara moja kwa wiki bila kualikwa na mtu. Kioski cha maji kinafaulu kipimo hicho. Steshenari yenye mashine ya kunakili inafaulu pia, kwa kuwa mwanafunzi anachapa kazi zake hapo na mkazi ananakili cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Vibanda viwili au vitatu vya mama lishe vyenye paa, sinki na bomba vinafaulu kuliko mgahawa mmoja wa kifahari, kwani bei inabaki ile ya mtaani, na wanawake waliokuwa wakipikia kando ya kiwanja hawafukuzwi na jengo jipya. Chumba cha kusomea chenye taa nzuri kinafaa sana, kwa sababu katika nyumba nyingi za kupanga mwanafunzi wa sekondari hana meza. Akikaa meza moja na mwanafunzi wa chuo, anapata mtu wa kumuuliza hesabu.

Ukumbi mkubwa ndio ninaoupinga. Niliwahi kushiriki katika mradi ambao mteja alisisitiza ukumbi wa watu 300, akiamini utakuwa wa jamii. Ulipokamilika ulifungwa kwa kufuli, ukawa unafunguliwa kwa harusi za watu wa mbali waliomudu kuulipia, na majirani wakabaki na kelele za muziki na magari yaliyozuia njia zao. Chumba cha mita za mraba 60 hadi 80, chenye milango mipana inayofungukia uani, kinatosha kikao cha mtaa, kliniki ya watoto ya siku moja, au mazoezi ya kwaya, na watu wakizidi wanakaa uani chini ya turubai.

Majiko ya wanafunzi, bafu na sehemu za kuanikia nguo zibaki za wakaaji peke yao. Kamba ya nguo ni jambo la faragha katika desturi zetu, na binti hatakiwi kuanika nguo zake za ndani mbele ya wapita njia. Maeneo ya pamoja yawe na vyoo vyake vinavyoingiliwa kutoka nje, viwili vya wanawake, viwili vya wanaume na kimoja kipana cha mtu mwenye ulemavu, pamoja na bomba la kutawadhia.

Hatua ya 3. Panga jengo kwa kufuata daraja za faragha

Kwa jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyoenea Kariakoo, Ilala na Magomeni, ilikuwa makazi ya pamoja ya watu wasio ndugu kabla neno hosteli halijazoeleka. Mbele kulikuwa na baraza, alipokaribishwa yeyote. Kisha ukumbi uliopita katikati ya vyumba, ambao mgeni aliingia kwa kubisha hodi. Mwisho kulikuwa na ua wa nyuma wenye jiko, kisima au bomba, na choo, ambapo wapangaji wote walipikia na kufulia. Mtu alijua kwa kuangalia tu amefika daraja gani na anatakiwa kuwa na adabu gani. Hosteli ya korido imefuta daraja zote hizo na kubakisha mbili: barabarani na kitandani.

Katika mfano wetu, napendekeza daraja tano.

Ya kwanza ni baraza yenyewe, inayoelekea barabara. Ijenge kwa tofali na saruji, kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 50 hadi 60, iendelee urefu wote wa mbele, na iwe chini ya paa lililotokeza mita 1.5. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar baraza za namna hii ni viti vya mazungumzo wakati wa jioni na njia ya kupitia mvua inapogeuza barabara kuwa mto. Baraza ya saruji haiibiwi, haihitaji kupakwa rangi kila mwaka, na haimwulizi mtu anafanya nini hapo. Ni mahali pa pamoja pa bei rahisi kuliko pote.

Ya pili ni ua wa mbele, wa pamoja, wa mita za mraba 300 hivi. Kile kijia kinapita ukingoni mwake. Vibanda vya mama lishe, steshenari, kioski cha maji, chumba cha kusomea na chumba cha mikutano vyote vifungukie hapa, na upande mmoja uachwe wazi kwa watoto. Upana wake usizidi sana kimo cha jengo. Ua ukiwa mpana kupita kiasi watu hujibanza pembeni na katikati panabaki jangwa la vumbi.

Ya tatu ni mapokezi, mlango mmoja tu unaounganisha ua wa mbele na hosteli. Matroni au mlinzi akae hapa, si getini, akiwa na dirisha linaloona ua wote. Kwa jirani aliyekuja kumtembelea mwanafunzi pawe na chumba kidogo cha wageni chenye kioo mlangoni.

Ya nne ni ua wa nyuma, wa wakaaji peke yao, wenye makaro ya kufulia, kamba za nguo na kivuli cha kupumzikia. Hapa msichana anaweza kukaa na khanga yake bila kujistiri kwa ajili ya mgeni. Nyua hizi mbili zisiwe zinaonana.

Ya tano ni chumba, na hapa kuna kanuni ambayo sijawahi kuilegeza: hakuna dirisha la chumba cha kulala linalofungukia ua wa pamoja kwenye sakafu ya chini. Vyumba vyote vya kulala vianze ghorofa ya kwanza, isipokuwa vichache vya wanafunzi wenye ulemavu, ambavyo viwekwe chini upande wa ua wa nyuma. Mkazi asipite kamwe mbele ya mlango wa chumba cha mwanafunzi ili afike mahali pa pamoja, na mwanafunzi asilazimike kupita katikati ya kikao cha mtaa ili afike kitandani. Ikiwa ramani inashindwa sharti hili, chora upya.

Milango ya maeneo ya pamoja iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, na kila penye tofauti ya kimo pawe na mteremko usiozidi kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Mteremko huo huo utatumiwa na mwenye kiti cha magurudumu, bibi mwenye mkongojo, na muuza maji mwenye mkokoteni.

Hatua ya 4. Jua, upepo na mvua

Eneo la pamoja lenye joto halitatumiwa hata likiwa na samani nzuri. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana huwa kaskazini kwa zaidi ya nusu ya mwaka na kusini kwa muda uliobaki, huku kuta za mashariki na magharibi zikichomwa asubuhi na jioni mwaka mzima. Lipange jengo likiwa refu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakitazama kaskazini na kusini. Kwa bahati njema pepo zetu nazo zinakubaliana na mpango huo: kusi huvuma takribani Aprili hadi Oktoba, na kaskazi takribani Desemba hadi Machi. Ukiweka vyumba upande mmoja tu wa veranda badala ya pande mbili za korido, upepo utapenya kutoka dirishani hadi mlangoni, na mtu atalala bila feni usiku mwingi wa kusi.

Ghorofani, kuta za veranda zinaweza kuwa za matofali yenye matundu, ambayo yanapitisha upepo na kumwezesha mwanafunzi kuona ua wa mbele bila yeye kuonekana vizuri. Macho hayo ya juu ni ulinzi bora kuliko chupa za ukutani.

Panda miti kabla ya kujenga, na uizungushie uzio ili mafundi wasiimwagie zege. Mwarobaini hukua haraka na haudondoshi matunda mazito. Mkungu una kivuli kipana lakini majani yake yanahitaji mtu wa kufagia. Mwembe mzee uliopo kiwanjani usiukate kwa sababu yoyote, hata ikibidi kusogeza jengo.

Hatua ya 5. Makundi ya vyumba

Hapa niseme kwa ufupi. Mwanafunzi asiyewajua wenzake wa ghorofani hatakuwa na ujasiri wa kwenda kuzungumza na mtaa. Gawa kila ghorofa katika makundi mawili ya vyumba vinane, kila kundi likiwa na jiko lake, meza ya kulia, bafu na vyoo. Katika hosteli ya Tietgen mjini Copenhagen, jengo la mviringo lililokamilika mwaka 2006, vyumba 12 vinatumia jiko moja, na majiko yote yanatazama ua wa katikati, hivyo anayepika huona maisha ya wenzake. Jambo hilo linafaa kuigwa. Kwetu jiko liwe na mitungi ya gesi iliyowekwa nje ya ukuta, kwenye kibanda chenye matundu, na mpira mfupi unaokaguliwa kila muhula.

Hatua ya 6. Maji, maji taka na umeme

Ujirani mwingi huvunjika kwenye bili, hivyo hesabu za sehemu hii zifanywe mapema. Ukikadiria lita 70 kwa mwanafunzi kwa siku, wanafunzi 96 wanatumia lita 6,720. Akiba ya siku tatu ni takribani lita 20,000, yaani simtanki nne za lita 5,000, kwa ajili ya mgawo wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kioski cha maji cha mtaa kiwe na tangi lake na mita yake, kisichote kwenye akiba ya wanafunzi, la sivyo siku ya ukame kila upande utaulaumu mwingine.

Mvua ni rasilimali inayopotezwa ovyo. Paa la mita za mraba 500, katika jiji linalopata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linaweza kukupa lita 400,000, ambazo ni matumizi ya hosteli nzima kwa karibu siku 60. Tangi la zege chini ya ua wa mbele litapokea sehemu ya maji hayo ya masika na vuli kwa ajili ya kufulia, vyoo na miti. Maji yanayozidi yaelekezwe mtaroni kwa mchoro ulioidhinishwa, yasimwagwe uwanjani kwa jirani wa bondeni; hosteli iliyosababisha mafuriko mtaani haitasamehewa haraka.

Shimo la maji taka liwe mahali gari la kunyonya linapofika bila kupita ua wa pamoja, mbali na vibanda vya chakula, na angalau mita 30 kutoka kisima chochote, cha kwako au cha jirani. Taka nazo ziwe na kizimba chenye mlango unaofungukia barabarani.

Kuhusu umeme, weka mita za LUKU tofauti kwa kila kibanda, kwa chumba cha kusomea na kwa hosteli. Taa za baraza na ua ziwe kwenye mita ya hosteli na zisizimwe usiku.

Hatua ya 7. Kelele na usalama

Panga sehemu zisizohitaji utulivu, yaani stoo, ngazi, vyoo na matangi, kati ya ua wa mbele na sehemu ya kulala, ili zimeze kelele. Chumba cha kusomea kiwe upande wa ua ulio mbali na vibanda. Pawe na makubaliano kwamba vipaza sauti havitumiki uani baada ya saa 3 usiku, na kwamba wiki za mitihani, zitakazotangazwa kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, hakuna sherehe kabisa. Wanafunzi nao wanabanwa na sharti hilo hilo, kwa kuwa muziki wa saa 8 usiku mara nyingi unatoka kwao.

Ua wa mbele ufungwe kwa geti jepesi la nondo, linaloruhusu kuona pande zote mbili, kuanzia saa 4 usiku. Kijia, hata hivyo, kipite nje ya geti hilo chini ya taa, kwa sababu wapo wauguzi na walinzi wanaorudi kutoka zamu.

Hatua ya 8. Vibali

Ajiri msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake, na mkandarasi wa daraja linalofaa. Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri ya manispaa. Uliza mapema kama matumizi ya ardhi yaliyoandikwa kwenye hati yanaruhusu makazi pamoja na biashara, kwani kubadili matumizi huchukua muda. Michoro ipelekwe pia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na uulize mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira kuhusu tathmini ya mazingira.

Hatua ya 9. Andika makubaliano kabla ya kupaua

Undeni kamati ndogo: wawakilishi wa wanafunzi wawili, wakazi wawili, mama lishe mmoja, mwenye hosteli au meneja wake, na mjumbe wa serikali ya mtaa. Waandike nani anafagia ua, nani anashika ufunguo wa chumba cha mikutano, kodi ya vibanda ni kiasi gani na inatumikaje. Ushauri wangu ni kwamba kodi ya vibanda na mapato ya kioski yaende kwenye mfuko wa matunzo ya maeneo ya pamoja tu, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila mwezi.

Kamati isisahau likizo ndefu. Wanafunzi wanapoondoka kwa wiki nyingi kabla ya muhula mpya, vibanda hukosa wateja na ua hupooza. Kipindi hicho kodi ya vibanda ipunguzwe, chumba cha kusomea kitumike kwa masomo ya ziada ya watoto wa mtaa, na vyumba vichache vikodishwe kwa wageni.

Wapo wanaotaka kuwashurutisha wanafunzi kujitolea mtaani. Katika nyumba ya wazee ya Humanitas mjini Deventer, Uholanzi, wanafunzi sita walipewa vyumba bila kodi kwa sharti la kutumia saa 30 kwa mwezi wakiwa majirani wema wa wazee. Mpango huo umefanikiwa kwa sababu ulikuwa mdogo, wa hiari na wenye malipo yanayoeleweka. Katika hosteli ya wanafunzi 96, tenga vitanda vinne au sita vyenye kodi pungufu kwa wanaokubali kusimamia chumba cha kusomea jioni. Waliobaki waache waishi tu kama majirani.

Hatua ya 10. Anza na turubai, malizia na nyayo

Kabla ya kumwaga msingi, safisha sehemu itakayokuwa ua wa mbele, weka mabenchi, turubai, bomba moja na taa, na uiache hivyo kwa miezi miwili. Utajua mahali ambapo mama lishe wenyewe wanachagua kukaa, upande gani watoto wanakimbilia, na saa ngapi jua linamfukuza kila mtu. Sogeza michoro kufuatana na hayo wakati kusogeza bado ni kazi ya kifutio.

Jengo likikamilika, usisakafie ua wote. Sakafia mbele ya milango na vibanda tu, sehemu iliyobaki ipande nyasi, kisha tenga fedha za matofali ya pevingi kwa mwaka unaofuata. Masika ya kwanza yakipita, rudi na daftari lako saa zile zile nne, hesabu watu tena, na uangalie mahali nyasi zilipokufa kwa kukanyagwa. Hapo ndipo pevingi zipite.